Bima ya familia Uganda: kipi ununue, kipi uache, na kipi tayari unacho bila kujua

Watu wa kampuni za bima wakija kwenye redio wanapenda kusema sisi watu wa Uganda hatujui bima, halafu wanatoa ile hesabu yao kwamba ada zote za bima tunazolipa nchi nzima hazifiki hata asilimia 1 ya pato la taifa. Hesabu yenyewe ni ya kweli. Lakini nenda kwenye matanga yoyote Bombo, Arua au pale Kisenyi uone daftari limefunguliwa mezani, jina, kiasi, sahihi, mabugo, ile michango ya rambirambi, yanaingia moja moja, na sufuria na viti vya kikundi vimeshafika kabla hata maiti haijatoka mochwari. Hiyo nayo ni bima, tena watu wanailipia bila ajenti kuwabembeleza.

Munno mukabi (vikundi vya kusaidiana wakati wa shida), kikundi cha akina mama, kikundi cha maziko cha msikitini, engozi za kule Ankole na Kigezi, vyote vinafanya kazi ileile: wengi wanatoa kidogo ili mmoja akipigwa asianguke peke yake. Engozi zilianza kwa sababu ya milima, mgonjwa lazima abebwe kwenye machela mpaka barabarani, na mtu mmoja habebi machela. Hospitali ya Kisiizi huko Rukungiri waliona hivyo vikundi tayari vipo na watu wanaaminiana, wakaanzisha bima ya matibabu juu yake mwaka 1996, na masharti yao ni muingie kama kundi, si mtu mmoja mmoja. Hapo kuna akili. Ukiruhusu kila mtu aingie kivyake, atakuja yule aliyeanza kuumwa jana, mzima atabaki nyumbani, mfuko utakauka mwezi wa pili.

Kwa hiyo mimi sianzi na swali la "nikate bima gani". Naanza na hili: kikundi changu na ndugu zangu wanaweza kubeba nini, na wanashindwa wapi? Maana vikundi vinashindwa sehemu mbili. Ya kwanza ni kitu kikubwa kupita mfuko, mtu anahitaji upasuaji wa milioni nyingi na kikundi kina laki sita. Ya pili watu hawaifikirii sana, ni janga linalowapiga wote siku moja. Soko la Owino pale Kampala liliungua 2009, likaungua tena 2011. Kama kikundi chenu ni wauza mitumba wa safu moja, usiku mmoja wote mmebaki na majivu, sasa nani amchangie nani? Hapo ndipo kampuni inakuwa na maana, kwa sababu yeye amekusanya ada kutoka Mbarara, Gulu na Jinja ambako siku hiyo hakukuungua kitu.

Ukishika hilo mengine yanaeleweka haraka. Mambo madogo madogo, malaria ya mtoto, simu kuibiwa, kioo cha gari kupasuka, usiyanunulie bima kama huna hela ya kuchezea, weka akiba tu. Yanayoweza kuimaliza familia ndiyo ya kuhangaikia.

Kwanza tuangalie ulizonazo tayari

Kabla hujatoa shilingi, fungua droo ya makaratasi.

Kama uliwahi kuchukua mkopo benki, au hata Sacco nyingine, soma ile karatasi ya masharti, kwenye makato kuna mstari umeandikwa bima ya mkopo. Ulikatwa siku ileile ya kupewa hela, wengi wanafikiri ni "chaji" tu. Maana yake ukifa kabla hujamaliza, kampuni ya bima inalilipa lile deni, na baadhi ya mikataba inaingiza na ulemavu wa kudumu, wengine mpaka kupoteza kazi. Sasa shida ni kwamba mzee alikopa, alikatwa, akafa, na mama na watoto hawajui lolote, wanaendelea kulipa rejesho kila mwezi kwa kuogopa kiwanja kuuzwa. Benki haitakuja matangani kukukumbusha. Mkope kwa siri kama mnataka, sitaingilia ndoa za watu, lakini mtu mmoja nyumbani ajue hiyo karatasi iko wapi. Na ukifiwa na mtu aliyekuwa na mkopo, la kwanza kuuliza benki ni hilo, kabla ya kujadili rejesho.

Ya pili ni ya kazini. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi ya mwaka 2000 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi aliyeumia kazini, na awe na bima kwa ajili hiyo. Akifa kwa ajali ya kazini na ameacha wanaomtegemea, wanastahili fidia inayolingana na mshahara wake wa miezi 60. Miaka mitano ya mshahara! Lakini ukienda kwenye sait nyingi Kampala, fundi akianguka kutoka ghorofani bosi analeta jeneza, gunia la unga wa posho, laki tano kwenye bahasha, na familia inamshukuru. Hiyo bahasha si fidia, ni rambirambi. Nenda kwa afisa wa leba wa wilaya, na usiweke sahihi kwenye karatasi yoyote inayosema "tumemalizana" kabla hujaonana naye. Wanajeshi wa UPDF walio kazini hawamo kwenye sheria hii, wao wana utaratibu wao.

NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, watu wanaichanganya na bima. Ni akiba yako, mwajiri anaweka asilimia 10 ya mshahara na wewe unakatwa 5, na tangu marekebisho ya 2022 hata mwajiri mwenye mtu mmoja anatakiwa kuchangia. Ukifa wanaokutegemea wanalipwa kilichokuwemo na faida yake, basi. Kama ulikuwa umeanza kazi mwaka jana, kilichokuwemo ni kidogo.

Matibabu

Hospitali za serikali ziliacha kutoza ada mwaka 2001, isipokuwa zile wodi za kulipia, na kweli kuna watu wametibiwa Mulago, hospitali kuu ya serikali, mpaka wakapona bila kulipia daktari. Ila unajua mwenyewe, dawa hazipo nenda famasi ya nje, kipimo nenda kule ng'ambo ya barabara, glavu nunua. Bima ya afya ya taifa nayo tuliisikia sana, Bunge liliupitisha muswada Machi 2021, rais hakuweka sahihi. Kwa hiyo kadi nyingi za matibabu utakazoona mikononi mwa watu zinatoka kwa mwajiri au mtu kajilipia mwenyewe.

Kama unajilipia mwenyewe kwa ajili ya familia, ushauri wangu ni huu: anza na ya kulazwa. Ile ya matibabu ya nje, ya kwenda kliniki na kikohozi na kurudi, ndiyo inayofanya ada ipande, kwa sababu kampuni inajua kabisa mtaenda, wenye watoto wanne mtaenda kila wiki, hivyo inapiga hesabu ya hizo safari zote, inaongeza gharama zake na faida yake, halafu inakuletea bei. Unakuwa unalipia kikohozi chako mwenyewe kwa bei ya juu. Kulazwa ndiko kunakouza ng'ombe.

Halafu kuna vitu vya kuuliza kabla ya kutoa hela, na usikubali jibu la mdomo. Kuna muda wa kungoja: mikataba mingi ukikata leo uzazi hauanzi kulipwa mpaka upite karibu mwaka, kwa hiyo mke akiwa tayari na mimba ya miezi minne hiyo mimba haimo, msigombane na mtu wa kaunta. Kuna kikomo cha familia nzima na kikomo cha ugonjwa mmoja mmoja ndani yake, ajenti atakutajia kile kikubwa, "milioni 20 mama!", kumbe ndani uzazi ni milioni 2 na meno laki tatu. Kuna orodha ya hospitali, na hospitali nzuri iliyo Nakasero haikusaidii kitu kama unaishi Koboko. Na kuna magonjwa uliyokuwa nayo kabla, presha, sukari, selimundu ya mtoto, ambayo wengine hawalipi kabisa, wengine wanalipa kidogo, wengine wanalipa baada ya mwaka.

Hapo kwenye magonjwa ya kabla ndipo klemu nyingi, yaani madai ya kulipwa, zinakufa. Ajenti anataka komisheni, anakuambia "hiyo presha usiandike, itapandisha bei". Unaacha kuandika. Miezi minane baadaye unalazwa na kiharusi, daktari anaandika kwenye faili "mgonjwa wa presha kwa miaka 6", kampuni inasoma faili, mchezo umekwisha, hawalipi na wako ndani ya haki yao, maana mkataba wa bima wote umesimama juu ya wewe kusema ukweli wakati wa kujaza fomu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na siku hiyo yule ajenti simu yake haipatikani. Jaza mwenyewe kwa mkono wako, au kama unajaziwa soma kila mstari kabla ya sahihi.

Ile stika ya gari

Mwenye gari au boda anajua stika ya bima, sheria ya mwaka 1989 inailazimisha, trafiki akikusimamisha ndiyo anaitafuta kwanza. Lakini uliza watu kumi inalipa nini, tisa watakuambia "nikigonga inanilipia gari". Hapana. Inamlipa mtu mwingine uliyemuumiza au kumuua. Gari lako halimo. Gari la huyo mwenzio halimo. Ukuta wa jirani haumo. Mguu wako wewe dereva uliovunjika haumo. Na hata huyo mwingine, sheria iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja na milioni 10 kwa ajali nzima, hela ambayo 1989 ilikuwa hela, leo vyuma vya mfupani peke yake vinaimeza.

Kwa hiyo mwenye gari zuri ajue stika ni ya kutimiza sheria tu, kama anataka gari lake lilindwe anunue bima kubwa. Mwenye boda ambaye pikipiki ndiyo inalisha nyumba, mimi namshauri bima ya ajali binafsi, ile inayomlipa yeye akivunjika au familia akifa, kabla hajafikiria bima ya pikipiki yenyewe. Pikipiki unaweza kukopa nyingine, mguu hukopi. Na kama ni pikipiki ya mkopo, rudi kule juu, angalia mkataba, huenda bima imo ndani na unailipia kila wiki bila kujua.

Upande wa pili ni wewe uliyegongwa. Watu wengi hawadai kabisa. Ukigongwa au mtu wako akigongwa, mmoja wenu apige picha namba ya gari na ile stika kabla gari halijaondolewa, jina la kampuni liko hapo, halafu mchukue ripoti ya polisi wa trafiki. Unaidai kampuni ya bima ya aliyekugonga. Hiyo milioni 1 ni ndogo lakini ni yako, na haikuzuii kumdai dereva na mwenye gari zaidi kwa njia za kisheria.

Wanaovuka mipaka, Busia, Malaba, Mutukula, Katuna: stika yako inaishia getini. Unahitaji ile Yellow Card ya COMESA, kadi ya bima ya gari ya kuvukia mipaka, inakubalika Kenya na Rwanda, na Tanzania pia ingawa wao si wanachama wa COMESA.

Bima ya maisha na zile za "elimu"

Hizi ndizo zinazouzwa kwa nguvu zaidi, walimu wanazijua, ajenti anaingia staffroom saa ya chai na kalamu za bure. Mpango ni kwamba unakatwa kila mwezi miaka 10 au 15, mwisho unapewa donge la kulipia chuo, na ukifa katikati mtoto analipiwa. Maneno matamu, na si uongo. Lakini ndani kuna vitu viwili vimefungwa pamoja, akiba na bima, na ukivifungua uone kila kimoja unagundua sehemu ya bima ni ndogo na sehemu ya akiba inakua polepole sana. Kibaya zaidi, ukishindwa kuendelea mwaka wa kwanza au wa pili, mara nyingi hurudishiwi kitu au unarudishiwa kiduchu, maana zile ada za mwanzo zimeenda kwenye komisheni na gharama. Na nani kati yetu ana uhakika wa miaka 15? Kabla ya sahihi dai jedwali linaloonyesha ukiacha mwaka wa 1, wa 3, wa 5 unapata ngapi. Ajenti akianza kuzungukazunguka umeshapata jibu.

Mimi napenda kuvitenganisha. Bima ya maisha ile kavu, ya muda, unalipa ada ndogo, ukifa ndani ya muda familia inapata hela nyingi, usipokufa hupati kitu na unashukuru Mungu. Akiba iende kivyake, Sacco unayoiamini, mfuko wa pamoja wa uwekezaji, au hati fungani za serikali, Benki Kuu wanakupokea kuanzia shilingi 100,000. Inataka nidhamu, sikatai, na kuna watu wakiona hela kwenye simu haikai, hao labda kukatwa kwenye mshahara ndiyo dawa yao. Lakini wajue wanalipia nidhamu.

Na tumkatie nani? Yule ambaye akifa chakula kinapungua. Nimeona wazazi wanakatia watoto watatu bima ya maisha na baba anayewalisha wote hana. Mama asiye na mshahara naye asisahaulike, siku hayupo ndipo mtaanza kulipa mtu wa kupika, kufua na kulea.

Majina ya warithi kwenye fomu ni jambo la kuangalia kila mwaka. Mzee alijaza mwaka ule akiwa na mke mmoja, leo ana nyumba mbili, fomu haijui. Na tahajia! Kwenye mkataba ameandikwa Aisha, kwenye kitambulisho cha taifa ni Asha, shuleni alikuwa Aisa, na kampuni haimlipi Asha hela ya Aisha mpaka aape kwa wakili, arudi NIRA, ile mamlaka ya vitambulisho na usajili, azunguke miezi. Nakili majina herufi kwa herufi kutoka kwenye kitambulisho. Mtoto chini ya miaka 18 hawezi kupewa hela mkononi, kwa hiyo andika na mlezi unayemwamini, usiache ukoo uje kuchagua.

Waislamu wanaouliza habari ya riba, sheria ya bima ya 2017 inatambua takaful, ambapo michango ni mfuko wa wanachama wenyewe na kampuni inalipwa ujira wa kuusimamia. Uliza nani amesajiliwa kuitoa.

Nyumba, vitu vya ndani, shamba

Mpangaji, bima ya lendilodi ni ya kuta na mabati yake. Kochi lako, friji, cherehani, hayamuhusu. Na ukikata ya kwako usijipunje thamani ili ada ishuke, kuna kanuni inauma sana hapa. Tuseme vitu vyako vina thamani ya milioni 20, ukaandika milioni 10. Moto unakula jikoni na chumba kimoja, hasara milioni 6. Unasema si shida, 6 iko ndani ya 10. Kampuni inasema ulikatia nusu, kwa hiyo tunalipa nusu, milioni 3, toa na kile kiasi cha kwanza cha kila hasara ambacho mkataba unasema unabeba mwenyewe. Watu wanatoka pale wakilaani, kumbe iko kwenye ukurasa wa nne. Wizi nao, mikataba mingi inataka alama za kuvunjwa, kufuli iliyokatwa, dirisha lililong'olewa. Mlango uliokuwa wazi wakati unafua nje hauna klemu.

Wakulima kwa kifupi: serikali tangu 2016 inasaidia kulipa ada ya bima ya mazao na mifugo, kwa mkulima mdogo nusu nzima, na kwenye wilaya zenye majanga mengi mpaka asilimia 80. Ile ya ukame mara nyingi inapimwa kwa setilaiti kwa eneo zima, hawaji kuangalia shamba lako, kwa hiyo mwaka mwingine yako imekauka na eneo lenu halijafika kiwango, hupati. Na mwaka mwingine inakuwa kinyume.

Siku ya kudai

Lipa ada kwa namba ya kampuni, usimpe ajenti mkononi, na hakikisha kampuni na ajenti wako kwenye orodha ya IRA, ile mamlaka inayosimamia bima. Ajenti ni mtu wa kampuni. Broka kazi yake ni kukusimamia wewe mteja, na kwa kitu kikubwa kama jengo au gari la biashara inafaa kumtumia.

Likitokea jambo, toa taarifa hata kwa meseji kabla ya kuanza kukusanya karatasi, kwa sababu mikataba inaweka siku, nyingine chache sana, na ukichelewa wana sababu. Kisha ndiyo utafute ripoti ya polisi, barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), picha, risiti, na kama ni kifo basi cheti cha NIRA, ambacho kinataka karatasi ya hospitali au kama alifia kijijini taarifa iliyopita kwa viongozi wa huko. Watu wanazika haraka, wiki mbili baadaye ndiyo wanaanza kutafuta nani alishuhudia.

Wakikataa kulipa, usiondoke na maneno ya kaunta. Omba wakuandikie sababu na kifungu cha mkataba wanachokitumia. Wengine wakiombwa maandishi tu wanalegea, wanakumbuka kulikuwa na "makosa ya sistimu". Wasipolegea, IRA wana ofisi ya malalamiko, hutozwi kitu kufungua lalamiko, nao wanaiita kampuni ijieleze, na asiyeridhika na uamuzi wao anaweza kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za bima kabla ya kufikiria mawakili na mahakama. Unapeleka ile barua ya kukataliwa, mkataba wako wote pamoja na kurasa za maandishi madogo, na risiti za ada mpaka ya mwezi wa mwisho, maana jambo la kwanza watakaloangalia ni kama siku ya tukio ulikuwa umelipa.